Jina Bila Kiwanda: Chapa za Vipodozi na Watengenezaji Wao wa Mkataba, 1932–2022

Historia za kampuni za vipodozi huandikwa kwa kawaida kama historia za waasisi. Humwonyesha muuzaji hodari au mwanamke mwenye jicho la urembo, kisha hufuata matangazo, maduka na faida. Mahali ambapo bidhaa yenyewe ilikorogwa hapatajwi, au hutajwa kwa sentensi moja tu. Ukimya huo una sababu ya kibiashara. Chapa nyingi za vipodozi hazikuwa na kiwanda zilipoanza, na nyingine hazijawahi kuwa nacho hadi leo. Ziliagiza krimu, poda na rangi za kucha kwa watengenezaji waliokuwa na wanakemia na mitambo, zikabandika jina lao juu ya chupa. Katika makala hii utaratibu huo unaitwa utengenezaji wa mkataba, na neno chapa linatumika kwa maana ya jina la biashara pamoja na sifa ambayo wanunuzi wanaliambatanisha nalo.

Utengenezaji wa mkataba huelezwa mara nyingi kuwa njia ya kuanza biashara bila mtaji mkubwa. Maelezo hayo ni sahihi ila hayatoshi. Mkataba huamua pia nani anabaki na nini pindi biashara inapofanikiwa au inapoanguka: nani ana fomula, nani anamjua mnunuzi, nani ana haki ya jina. Makala inalichunguza suala hili kwa kufuata mifano mitatu, yaani Revlon ya New York, Fashion Fair ya Chicago, na viwanda vya mkataba vya Korea Kusini. Mifano hii haikuteuliwa kwa sababu inafanana. Imeteuliwa kwa sababu katika kila mmoja mali iligawanywa kwa namna tofauti kati ya mwenye jina na mwenye kiwanda.

Charles Revson, aliyezaliwa mwaka 1906 na kukulia Manchester katika jimbo la New Hampshire, hakuwa mwanakemia. Kabla ya kuanzisha kampuni yake alikuwa wakala wa mauzo wa rangi ya kucha iliyoitwa Elka, iliyotengenezwa Newark, New Jersey. Aliomba apewe eneo kubwa zaidi la kuuza, akanyimwa. Alichokuwa nacho wakati huo kilikuwa ujuzi wa saluni: alijua wasusi na wasafishaji kucha walitaka nini, walilalamikia nini, na walikuwa radhi kulipa kiasi gani. Bidhaa hakuwa nayo.

Bidhaa ililetwa na Charles Lachman. Familia ya mke wake ilimiliki kampuni ndogo ya kemikali, Dresden, katika mji wa New Rochelle karibu na New York, na kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza rangi ya kucha. Mwezi Machi 1932 Charles Revson, ndugu yake Joseph, na Lachman waliungana. Mtaji wa kuanzia unaotajwa ni dola 300. Fedha hizo zisingetosha kununua mtambo wowote wa maana, na hazikukusudiwa kufanya hivyo: Dresden ilitengeneza, akina Revson waliuza. Jina la chapa lenyewe limebeba kumbukumbu ya mpango huo, kwani herufi S ya Revson iliondolewa na mahali pake ikawekwa L ya Lachman.

Ni muhimu kueleza ni kitu gani hasa Dresden ilikipatia kampuni hiyo changa. Rangi ya kucha ya kisasa ni ndugu wa rangi ya magari. Zote mbili zilitokana na nitroselulosi, malighafi iliyopata matumizi mapya ya kiraia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Rangi nyingi za kucha za miaka ya 1920 zilitiwa rangi za kuyeyuka, hivyo zilikuwa angavu na kucha ilionekana chini yake. Akina Revson waliuza rangi nzito, iliyotiwa chembe za rangi zisizoyeyuka, ambayo ilifunika kucha kabisa na kuwezesha vivuli vingi vya wekundu. Tofauti hiyo ndiyo iliyowapa wauzaji wake kitu cha kuonyesha katika saluni, na ilitoka katika maabara ambayo haikuwa yao.

Mazingira ya mwaka 1932 yalikuwa magumu, kwa kuwa takriban robo ya nguvu kazi ya Marekani haikuwa na ajira. Wakati huohuo saluni zilikuwa zimeenea kutokana na mtindo wa kutia nywele mawimbi ya kudumu, na mwanamke aliyekaa muda mrefu chini ya mashine ya nywele alikuwa na mikono iliyo huru. Revlon iliingia katika nafasi hiyo. Rangi ya mdomo iliongezwa mwaka 1940, ikatangazwa kuwa inalingana na rangi ya kucha.

Waandishi wa historia ya Revlon wamezoea kumdhihaki Lachman kama mtu aliyetajirika kwa herufi moja. Dhihaka hiyo inatupotosha. Lachman alikuwa daraja lililomfikisha muuzaji asiye na kitu kwa mtengenezaji aliyekubali kutoa bidhaa kwa mkopo, na malipo ya daraja hilo yalikuwa hisa. Akina Revson walilipa kwa sehemu ya kampuni kile ambacho hawakuweza kukilipa kwa fedha taslimu. Lachman aliendelea kuwa mwanahisa mkubwa kwa miongo kadhaa, hata baada ya mchango wake katika shughuli za kila siku kupungua sana. Kwa upande wa pili, mpango huo uliiepusha Revlon na hatari iliyo kubwa katika utengenezaji wa mkataba, yaani mtengenezaji kuondoka na fomula na kumuuzia mshindani. Ukimfanya mwenye chungu kuwa mwenye nyumba, hana sababu ya kukimwaga. Revson mwenyewe anakumbukwa kwa kauli ambayo maana yake ni kwamba kiwandani walitengeneza vipodozi ila dukani waliuza tumaini. Ni kauli ya mtu aliyejua kwamba sehemu ya kwanza ingeweza kufanywa na mwingine.

Mfano wa pili unaanzia kwenye kunyimwa kwa namna nyingine. Mwaka 1958 kampuni ya Johnson Publishing ya Chicago, iliyochapisha jarida la Ebony tangu Novemba 1945, ilianzisha maonyesho ya mavazi yaliyozunguka miji ya Marekani kwa jina la Ebony Fashion Fair. Eunice Johnson, aliyeyasimamia, aliona jinsi wanamitindo weusi walivyochanganya krimu mbili au tatu za dukani ili kupata rangi iliyolingana na ngozi zao. Yeye na mumewe John H. Johnson walizifuata kampuni kubwa za vipodozi, Revlon ikiwa mojawapo, wakizishauri zitengeneze rangi kwa ajili ya wanawake hao. Hazikukubali.

Kukataa huko kumeelezwa zaidi kuwa suala la ubaguzi, na ubaguzi ulikuwepo bila shaka. Lakini ulikuwa umejengwa ndani ya chungu chenyewe, na hapo ndipo historia ya kiwanda inapotusaidia. Rangi ya krimu ya uso hutokana hasa na oksidi za chuma, yaani nyekundu, manjano na nyeusi, zikichanganywa na dioksidi ya titani ambayo ni nyeupe. Fomula nyingi zilitungwa kwa ngozi nyeupe, kwa hiyo msingi wake ulijaa weupe. Mwanakemia aliyetaka kivuli cha giza alichukua msingi uleule akauongezea weusi. Matokeo yake juu ya ngozi nyeusi yalikuwa ujivujivu, kana kwamba mtu amepakwa majivu. Kupata kivuli sahihi kulihitaji msingi mpya, wenye weupe mdogo na uwiano tofauti wa nyekundu na manjano. Pia kila kivuli ni mpishi wake: mtambo husafishwa, rangi hupimwa, sampuli hulinganishwa. Mtengenezaji huweka kiwango cha chini cha oda kwa kila kivuli, na hesabu hiyo humwadhibu anayetaka vivuli vingi kwa soko ambalo wenye mabenki na maduka wanaliona dogo. Ubaguzi haukuhitaji kutamkwa na mtu yeyote. Ulikuwa umekwisha andikwa katika bei ya oda ndogo.

Akina Johnson walienda kwa maabara binafsi, na mwaka 1973 Fashion Fair ilizinduliwa ikiwa chapa ya kuuzwa katika maduka makubwa ya kifahari. Hawakuwa wageni katika biashara hiyo, kwani kampuni yao ilikuwa imewahi kuuza bidhaa za nywele kwa njia ya posta kupitia kampuni tanzu ya Supreme Beauty Products. Aidha, hawakuwa wa kwanza kuuza vipodozi vya wanawake weusi katika maduka ya aina hiyo, kwa kuwa Flori Roberts aliwatangulia mwaka 1965. Walichokuwa nacho wao peke yao kilikuwa jarida lililofika katika nyumba za wateja kila mwezi, na maonyesho yaliyokuwa sawa na maabara ya majaribio: miaka 15 ya kuwatazama wanawake wakijichanganyia rangi nyuma ya jukwaa. Katika mfano wa Revlon, ujuzi wa bidhaa ulitoka kiwandani kwenda kwa muuzaji. Hapa ulikwenda kinyume chake. Mwenye jina ndiye aliyemfundisha mwenye mtambo.

Uthibitisho wa thamani ya ujuzi huo ulikuja haraka. Mwaka 1975 Revlon, iliyokuwa imekataa ushauri wa akina Johnson, ilizindua mkusanyo wake wa Polished Ambers kwa wanawake weusi. Kizuizi cha kiufundi kilichosemekana kuwa kigumu kiliondoka mara tu soko lilipothibitishwa na mtu mwingine kwa gharama yake.

Linganisha na Madam C. J. Walker, aliyehamia Indianapolis mwaka 1910 na kujenga huko kiwanda chake cha bidhaa za nywele. Walker alimiliki jina, fomula na mitambo. Fashion Fair ilimiliki jina na ujuzi wa mteja, na udhaifu wa mgawanyo huo ulionekana baada ya waasisi kufariki, John mwaka 2005 na Eunice mwaka 2010. Katika miaka ya 2010 wateja walilalamika kwamba vivuli vyao havipatikani madukani. Kwa krimu ya ngozi hilo ni jambo zito kuliko kwa rangi ya kucha: anayekosa wekundu mmoja huchukua mwingine, ila anayekosa rangi ya uso wake humwendea mshindani na harudi. Aprili 2019 Johnson Publishing iliomba kufilisiwa. Baadaye mwaka huo Fashion Fair iliuzwa kwa dola milioni 1.85 kwa kundi lililoongozwa na Desirée Rogers na Cheryl Mayberry McKissack, waliokuwa wamewahi kuwa viongozi katika kampuni hiyohiyo. Ilirudi sokoni mwaka 2021 kupitia maduka ya Sephora, ikiwa na bidhaa zilizotungwa upya. Kilichodumu kwa miaka 48, basi, hakikuwa kilichomo ndani ya kopo. Kilikuwa jina, pamoja na kumbukumbu ya wanawake waliowaona mama zao wakilitumia.

Korea Kusini inaonyesha hali ambapo mizani imeelemea upande wa kiwanda. Kolmar Korea ilianzishwa mwaka 1990 na Yoon Dong-han, ikishirikiana na Kolmar ya Japani. Cosmax ilianzishwa mwaka 1992 na Lee Kyung-soo. Wote wawili walikuwa wametoka katika kampuni ya dawa ya Daewoong. Walileta katika vipodozi nidhamu ya kiwanda cha dawa, na hatua kwa hatua wakaacha kuwa mikono tu ya kutekeleza fomula za wateja. Walianza kutunga fomula wenyewe na kuziweka mbele ya mteja kama mfanyabiashara wa vitenge anavyotandaza doti: chagua, tia jina lako. Missha, iliyojulikana mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa bidhaa za won 3,300, ni tunda la utaratibu huo.

Sheria iliufuata mtindo huo. Marekebisho ya Sheria ya Vipodozi yaliyoanza kutumika mwaka 2012 yalitenganisha rasmi mtengenezaji na muuzaji mwenye dhamana, na majina yote mawili yakatakiwa kuonekana juu ya kifungashio. Hapo ndipo ukimya uliotajwa mwanzoni mwa makala hii ulipovunjwa kwa amri ya dola. Wenye chapa ndogo walilalamika kwamba wanunuzi wa nje walisoma jina la kiwanda nyuma ya kopo, wakakiendea moja kwa moja na kuagiza bidhaa inayofanana. Wengine walitetea utaratibu huo kwa hoja kwamba jina la kiwanda kinachojulikana ni dhamana kwa mnunuzi wa chapa isiyojulikana. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hoja ya pili ina uzito zaidi kwa upande wa mnunuzi, ingawa ni ya kwanza inayoeleza vyema kwa nini kumbukumbu za viwanda ni haba katika historia ya vipodozi. Ambaye mali yake yote ni jina ana kila sababu ya kuficha mlango wa jikoni.

Jina la Kolmar lenyewe halikuzaliwa Korea. Lilianza Marekani mwaka 1921, likiwa jina la kiwanda kilichowatengenezea wengine, na kampuni ya Korea ililitumia kwa kibali. Mwezi Mei 2022 kundi la Kolmar Korea lilinunua haki ya jina hilo kwa dunia nzima kutoka kwa kampuni ya Marekani iliyokuwa ikilimiliki, miaka 32 baada ya kuanza kazi chini yake.