Kaniki ya Kaya Kinondo
Wageni wa Diani, pwani ya Kenya, wakiniuliza waende wapi baada ya kuogelea, huwaelekeza kusini, Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa sisi Wadigo, mojawapo ya jamii za Mijikenda. Zamani watu waliingia humo kuzika na kuomba. Matembezi ya starehe hayakuwako. Hoteli zilipozidi kuumeza ufuo, msitu ulitaka kinga: mwaka 1992 ukatangazwa turathi ya kitaifa, na 2008 UNESCO ikaziingiza kaya (misitu mitakatifu kama huu) za Mijikenda katika Urithi wa Dunia. Katikati ya miaka hiyo wazee walikubali jambo zito, kupokea watalii kwa ada. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, huongozwa na mwenyeji, na haokoti hata jani. Baa hamna, wala viti vya kuotea jua. Naamini wazee walipima vyema.