Turkana, Mahali Walipokosa Mfalme

Machi 1849, mjini Lahore, mtoto wa miaka 10 aliwekewa karatasi mbele yake. Alikuwa Duleep Singh, mfalme wa mwisho wa Masingasinga wa Punjab, aliyetawazwa akiwa na miaka 5. Mama yake, Jind Kaur, alikuwa ameshafungwa na kutenganishwa naye. Mtoto akasaini. Kwa sahihi hiyo Waingereza wakachukua nchi nzima, na almasi ya Koh-i-Noor juu yake. Yeye akapewa pensheni, akapelekwa Uingereza, na mwaka 1893 akafia Paris bila kukirudia kiti chake.

Hesabu ya mkoloni ilikuwa rahisi. Ukimpata mtu mmoja wa kusaini kwa niaba ya wote, huna haja ya kuongea na wote. Hata Kenya waliitumia. Kule Wanga, Nabongo Mumia alikuwa na ufalme wake tayari. Mwaka 1909 wakamfanya chifu mkuu, na jamaa zake wakatumwa kutawala majirani ambao hawakuwahi kuwa chini yake.

Halafu wakafika huku kwetu. Wakatafuta mfalme, wapi!

Si kwamba hapakuwa na uongozi. Kulikuwa na emuron, mtabiri aliyesikilizwa kuhusu mvua, vita na magonjwa. Lokerio, emuron wa karne ya 19, bado anasimuliwa kwamba alipiga maji ya ziwa kwa fimbo yakagawanyika, vijana wakavuka kwenda kuteka ngamia upande wa pili. Lakini emuron hakuwa na jela wala karani wa kodi. Watu walimfuata kwa sababu maneno yake yalitimia. Yakiacha kutimia, mbuzi wana miguu: watu walihama tu.

Kwa hiyo waliowasumbua Waingereza zaidi kaskazini hawakuwa na taji: Loolel Kokoi, emuron, na Ebei, kiongozi wa vita. Mwaka 1918 serikali ilileta msafara wa kijeshi ulioitwa Labur Patrol, askari wa King's African Rifles wakishirikiana na wale wa kutoka Sudan. Hawakupiga watu peke yao, walichukua mifugo. Huku mfugo ni chakula, ni benki, ni mahari. Ukimwondolea mtu mifugo umemwondolea hata uwezo wa kuoa. Ebei alisogea kuelekea mpaka wa Ethiopia akaendelea kupigana. Punjab ilisainiwa, Turkana ilifilisiwa.

Baada ya hapo wakateua machifu wao, wakaifunga wilaya, mgeni akawa haingii bila kibali. Na mahali pasipoingilika panafaa kuwa jela. Makhan Singh, Msingasinga wa vyama vya wafanyakazi aliyedai uhuru kamili hadharani Nairobi Aprili 1950, aliletwa Lokitaung mwaka huohuo chini ya ulinzi. Jomo Kenyatta akafuata baada ya kesi ya Kapenguria, kisha akahamishiwa Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Nyumba aliyokaa bado ipo mjini.

Mbona stori hii ya zamani? Kwa sababu swali la mkoloni halijaondoka. Kambi ya Kakuma ilipoanzishwa 1992, mafuta yalipogunduliwa Ngamia 1 mwaka 2012, mgeni alihitaji mtu wa kuongea naye. "Mkubwa wenu ni nani?" Linasikika kama heshima. Lakini malisho huku si ya mkubwa. Yanazungumziwa chini ya mti, wazee wakibishana mpaka jua linashuka, na hata hapo wanawake na vijana mara nyingi hawasikilizwi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya jamii. Tena kwa niaba.

Sisemi tumtafute Lokerio mwingine, wala kwamba utaratibu wa zamani ulikuwa na haki kwa kila mtu. Nasema hivi: siku ukisoma kwenye simu kwamba "viongozi wa Turkana wamekubali", uliza ni nani alikuwa chini ya mti siku hiyo, na nani alikuwa mbali na mifugo.