Rangi ya Ndege za Kitani

Mwaka 1917, vita vya Waingereza na Wajerumani viliposhuka kutoka Kilwa na Lindi kuelekea Ruvuma, nchi ya Nkowe, Ruangwa na Nachingwea ilijikuta katikati ya njia ya majeshi. Ruponda ilitekwa mwezi wa Oktoba; zikafuata siku nne za Mahiwa, tarehe 15 hadi 18; na kabla Novemba haijaisha von Lettow-Vorbeck alikuwa amekwisha kuvuka mto. Waingereza walikuwa na ndege katika vita hivyo, za Kikosi cha 26 kilichoundwa kwa watu wa Afrika Kusini. Mojawapo ni B.E.2c.

Ndege hiyo leo huundwa tena mezani, ndogo mara 72 kuliko ya asili. Mafundi huipaka rangi, kisha huichakaza ili ionekane imepigwa na jua na mvua, na hapo ndipo wengi hupotea. Huidonoa mbawa kwa rangi ya fedha, kana kwamba chini yake pana bati. Lakini mbawa zilikuwa za mti uliovikwa kitani, nacho kitani hakibanduki kama bati: hulegea, hupauka, hutiwa viraka.

Wala rangi haikuwa pambo. Kitani kilichopakwa dawa tupu ya kukikaza kilibaki cheupe-manjano, kikaliwa na jua. Kwa hiyo dawa ilichanganywa na rangi nzito ya kahawia yenye kijani, iitwayo P.C.10, izuie mwanga usiozeshe nguo. Na kwa nchi za joto ikatengenezwa P.C.12, iliyoelekea wekundu.

Joto lilikuwa limekwisha kutoa onyo mapema, huko delta ya Rufiji mwaka 1915. Ndege za Sopwith zilizoletwa kuitafuta manowari Königsberg zililegea gundi, tena zilishindwa kupaa na mizigo yao. Kazi ilimaliziwa na ndege nyingine kutoka Mafia, nayo Farman ya rubani Cull ikaangushwa mtoni tarehe 11 Julai, siku ile ile manowari ilipoangamia.

Kitu kimoja hakimo katika masanduku ya vifaa hivi, nao ni wapagazi. Mahali ambapo malori yalikwama, mizigo ya jeshi ilisafiri vichwani mwa watu. Nafasi ya kuwaonyesha ipo, juu ya ubao unaowekwa chini ya ndege, ambao kwa desturi hupandwa majani matupu.