Parokia ya Bikira Maria Malkia wa Polandi, Nowa Huta

Parokia ya Bikira Maria Malkia wa Polandi ni parokia ya Kanisa Katoliki huko Bieńczyce, sehemu ya Nowa Huta, kitongoji cha mashariki mwa jiji la Kraków nchini Polandi. Hujulikana zaidi kwa jina la kanisa lake, Arka Pana, yaani Safina ya Bwana.

Nowa Huta ilianza kujengwa mwaka 1949. Serikali ya Kikomunisti ilikusudia uwe mji wa mfano kwa wafanyakazi wa kiwanda kikubwa cha chuma kilichoitwa kwa jina la Lenin, na haikupanga kanisa lolote ndani yake. Lakini wengi wa waliohamia huko walikuwa Wakatoliki kutoka vijijini. Walisali katika kikanisa kidogo cha Bieńczyce, ambacho kilikuwa kijiji cha zamani, na wengi walilazimika kusimama nje.

Mwaka 1957 serikali iliruhusu ujenzi, na waamini wakasimamisha msalaba kwenye kiwanja walichopewa. Baadaye ruhusa ilifutwa, kwa maelezo kwamba mahali pale patajengwa shule. Tarehe 27 Aprili 1960 vibarua walipokuja kuung'oa msalaba, wanawake ndio waliokuwa wa kwanza kuwazuia. Wafanyakazi waliotoka zamu kiwandani wakajiunga nao, na mapambano na polisi yakaendelea hadi usiku. Watu wengi walikamatwa, lakini msalaba ulibaki.

Karol Wojtyła, wakati huo askofu msaidizi wa Kraków, alikuwa akiadhimisha Misa ya usiku wa Noeli Bieńczyce, nje, kwenye baridi kali. Kibali kipya kilipatikana mwaka 1967, ila si kwa kiwanja kile cha msalaba. Jiwe la msingi, lililotoka kwenye kaburi la Mtume Petro na kutolewa na Papa Paulo VI, liliwekwa mwaka 1969. Serikali haikuchangia kitu: paroko Józef Gorzelany aliongoza kazi iliyofanywa kwa michango na mikono ya watu wa kujitolea, Wapolandi na wageni. Kuta za nje za jengo hilo, lililochorwa na Wojciech Pietrzyk kwa umbo la safina, zilifunikwa kwa mawe ya mtoni yapatayo milioni 2.

Wojtyła, sasa akiwa kardinali, alilitabaruku tarehe 15 Mei 1977. Mwaka uliofuata akawa Papa Yohane Paulo II. Hata hivyo, alipozuru Polandi mwaka 1979 hakuruhusiwa kufika Arka Pana. Misa yake aliifanyia Mogiła, kwenye abasia ya Wasitersiani iliyo jirani.