Sikukuu na Vikuukuu: Zawadi za Mkono katika Unguja

Sikukuu na vikuukuu ni maneno yenye shina moja, lakini katika nyumba za Unguja hutazamana kama wake wenza. Sikukuu ni siku ya kipya: nguo mpya, viatu vipya, pazia jipya mlangoni. Kilicho kuukuu husukumwa uvunguni mpaka wageni waondoke. Hata hivyo, mwenye kuchungua historia ya zawadi na mapambo ya Idi kisiwani humo atakuta kwamba baadhi ya vilivyo azizi mno vilianzia katika sindano na mkasi wa nyumbani, kwa kuungaunga kilichokuwa kimeundwa kwa kazi nyingine.

Ushahidi mkubwa ni kanga yenyewe. Watafiti wengi wa mavazi ya pwani husimulia kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa mjini walinunua leso, vile vitambaa vya mkono vya mraba ambavyo jina lake lilitokana na Kireno, zikiwa bado hazijatenganishwa katika jora. Walichukua leso sita, wakazikata tatu tatu, wakaziunga juu na chini, likapatikana vazi moja. Wafanyabiashara walipoona jinsi vazi hilo lilivyopendwa, ndipo wakaagiza nguo iliyochapwa nzima. Mombasa mpaka leo kanga huitwa leso. Kwa haki, leso hizo hazikuwa takataka. Zilitoka dukani zikiwa mpya. Lakini fikra iliyozigeuza ni ile ile ya mtu anayelitazama kopo tupu akaona taa. Kiwanda kilikuja baadaye, kikaiga mshono wa bibi.

Na vazi hilo halikuwa pambo tu. Kabla yake, nguo ya mtumwa ilikuwa marekani, kitambaa kisichopaushwa kilicholetwa na merikebu za Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa biashara wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani. Au ilikuwa kaniki, nguo iliyotiwa nili. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka katika hali hiyo waliiacha kaniki wakajifunga kanga. Kuvaa doti mpya siku ya Idi na kutembea nayo hadi viwanja vya Mnazi Mmoja, mbele ya macho ya waliokuwa mabwana, kulikuwa ni kauli isiyohitaji mdomo. Anayeidharau zawadi ya kanga kwa sababu ni ya bei nafuu hajui ilikopita.

Doti hiyo ilikuwa na umri wake, kama binadamu. Ilianza kama zawadi, ikavaliwa katika Idi, maulidi na harusi. Rangi ilipofifia ikawa nguo ya jikoni, kisha mbeleko, kisha winda la mtoto. Mwishowe ikawa tambara, na tambara likajazwa ndani ya mto, au likafungwa kwa uzi likawa mwanasesere wa mjukuu.

Upande wa wanaume na watoto, bati ndilo lililotawala. Mafuta ya taa yaliingia bandarini katika madebe ya galoni nne, na debe lilipomaliza safari yake halikutupwa. Likawa chombo cha kutekea maji, kipimo cha nafaka, ngoma. Likakunjuliwa likaezekea kibanda. Makopo madogo ya maziwa yaliishia kwa fundi bati, akayatia utambi na lehemu, yakawa koroboi. Watoto nao walijiundia vyao: gari la kopo lenye magurudumu ya malapa yaliyokatika, au kishada cha karatasi kuukuu na chelewa za mnazi kilichogandishwa kwa gundi ya unga. Hivi hakuna duka lililoviuza, na kwa hiyo hakuna daftari la forodha lililoviandika. Historia ya vitu vya watoto wa Unguja imo zaidi katika vidole kuliko katika nyaraka.

Miaka ya 1970 iliupa ustadi huo sura nyingine. Bidhaa za nje ziliadimika, mchele, unga na sukari vikawa vya mgao, na mshono wa kuungaunga, ambao zamani ulikuwa hiari, ukawa sharti. Gauni la mama lilikatwa likawa la binti, na la binti likawa la mdogo wake. Hapo ndipo, yaelekea, kitu cha mkono kilipoanza kunuka dhiki. Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia 1984, watu waliokuwa wamechoshwa na viraka waliyapokea mapambo ya plastiki kwa furaha. Si haki kuwalaumu. Ni rahisi kwa aliyeshiba kusifu kiraka.

Plastiki haikukubali kuzeeka kama kanga. Haikuwa mbeleko wala winda. Iliziba mifereji na kuelea ufukoni, hata Serikali ya Mapinduzi ikapiga marufuku mifuko yake mwaka 2006. Mwanzoni mwa 2019 likatia nanga Unguja jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, lililoundwa Lamu na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, likavikwa malapa yapatayo 30,000. Wageni walistaajabu. Mzee aliyewahi kusukuma gari la kopo alikuwa na sababu ndogo ya kustaajabu: malapa aliyajua.

Siku hizi vikuukuu vimerudi kwa jina la kuhifadhi mazingira. Chupa tupu za mahoteli hukatwa zikawa bilauri na taa, na katika maduka ya Mji Mkongwe hutundikwa mifuko iliyoshonwa kwa vipande vya kanga, zawadi nyepesi kwa msafiri. Kazi hiyo inawapa riziki washonaji, na mishono yake mingi ni safi. Ila mkasi hufuata umbo la mfuko, haufuati maandishi. Jina la kanga hukatika katikati: nusu huangukia upande wa mbele, nusu huenda katika mfuko mwingine, ukachukuliwa na mnunuzi mwingine, ndege nyingine.