Programu ya kurekodi muziki nyumbani: namna ya kuchagua bila kupoteza wimbo

Bukavu, Goma, Uvira, Lubumbashi ao Kisangani, studio nyingi za vijana ni chumba kimoja tu: meza, ordinatere, mikro moja, kaske, na godoro iliyosimamishwa kwenye ukuta ili sauti isirudi. Ndani ya chumba kama hicho ndimo kwaya, warapa wa kartie na wapiga gitaa wanatengeneza nyimbo zinazofika kwenye redio. Na swali linalorudi kila mara ni hili: tuweke programu gani?

Mara mingi jibu ni ile ambayo rafiki anatumia. Inaletwa kwenye kle USB, inawekwa, kazi inaanza. Kisha miezi sita programu inakataa kufunguka, ao ordinatere inaharibika na kubadilishwa, na nyimbo zote za kwaya zinabaki zimefungwa ndani ya faili ambayo hakuna mashini ingine inaweza kuisoma. Wimbo uko, lakini hakuna wa kuusikia. Kwa hiyo kuchagua programu si kutafuta yenye jina kubwa. Ni kutafuta ile ambayo mashini inaiweza, ambayo mfuko unaiweza, na ambayo itakubali kukurudishia kazi yako siku utakapoiomba.

Kwanza kujua unarekodi nini

Kuko kazi mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kukamata sauti halisi: mtu anaimba, gitaa inapigwa, ngoma inalia mbele ya mikro. Ya pili ni kujenga muziki ndani ya ordinatere yenyewe: ngoma, besi na kinanda za kutengenezwa, kile ambacho vijana wanaita biti. Programu nyingi kubwa zinafanya zote mbili, lakini kila moja iko na upande wake wa nguvu.

Kitu cha pili cha kujua ni pisti. Pisti ni mstari mmoja wa sauti peke yake. Katika muziki wa gitaa wa Kongo, gitaa ya solo, ya mi-solo, ya akompanyema na ya besi zinapashwa kila moja kuwa na pisti yake, na sauti za waimbaji vilevile. Hapo ndipo unaweza kupandisha besi bila kugusa solo, ao kurudilia mstari mmoja tu ambao mwimbaji alikosea. Programu ya kuimbia inapashwa kukubali pisti nyingi na kuziacha zikiwa mbalimbali mpaka mwisho.

Audacity: ya kuanzia, ya kukata na kusafisha

Audacity ilianzishwa mwaka 1999 katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ikatolewa kwa watu mwaka 2000. Ni ya bure, kihalali kabisa, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Maneno yake yanaweza kuwekwa kwa Kifaransa, jambo linalosaidia wengi. Inakubali mashini ya zamani bila shida kubwa.

Kwa mahojiano, mahubiri, matangazo, ao mtu mmoja na gitaa yake, Audacity inatosha. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mara ukiifungua tena inajaribu kurudisha ile uliyokuwa unafanya. Udhaifu wake unaonekana wakati pisti zinakuwa nyingi. Haikutengenezwa kwa kujenga biti kwa kinanda, na kupanga wimbo mrefu wenye sauti kumi na mbili ndani yake kunachosha haraka.

Reaper na ndugu zake: kwa wanaorekodi kikundi

Reaper ni kazi ya kampuni ndogo ya Cockos, ya Justin Frankel, yule aliyetengeneza Winamp. Faida yake kwa watu wa huku ni ya wazi: faili ya kuiweka ni ndogo sana ukilinganisha na programu zingine za aina hiyo, hivi haimalizi forfe ya intaneti, na inatembea vizuri kwenye ordinatere isiyo na nguvu nyingi. Idadi ya pisti haina kikomo isipokuwa nguvu ya mashini yenyewe.

Reaper si ya bure. Inaruhusu siku 60 za kujaribu na kila kitu kikiwa wazi, kisha inaomba ununue leseni. Leseni ya mtu binafsi na ya biashara ndogo ni dola 60. Ile ya biashara kubwa ni dola 225. Dola 60 ni feza ya kweli kwa kijana wa hapa, lakini ni mara moja, si kila mwezi, na kwaya ya watu 20 wakichanga kila mmoja dola 3 wanaimaliza. Kitu kinachokosekana ni ala za ndani: Reaper inakuja bila piano na ngoma nzuri za tayari, inabidi kuzitafuta pembeni.

Ardour nayo ni ya pisti nyingi, na kodi yake iko wazi kwa wote. Wenye kutumia Linux wanaipata bure katika programu za mfumo wao. Wa Windows na Mac wanaombwa kuchangia kidogo ili kuchukua ile ya tayari. Waveform Free ya Tracktion ni ya bure pia, bila kikomo cha pisti. Mwenye Mac tayari iko na GarageBand, ambayo Apple iliitoa mwaka 2004. Kwake yeye hakuna haraka ya kutafuta ingine. Lakini haiingii kwenye Windows, na hilo ni la kukumbuka kama kazi itapelekwa kwa mtu mwingine.

FL Studio na LMMS: kwa wa biti

Ukisikia kijana anasema "niwekee Fruity", anazungumzia FL Studio, ya kampuni Image-Line ya Ubelgiji, iliyoanza mwaka 1997 kwa jina FruityLoops. Kwa kujenga biti ni nyepesi kuielewa, na mtu akisha kununua leseni, matoleo mapya anayapata bila kulipa tena.

Lakini kuko mambo mawili yanayowaumiza wengi. La kwanza: toleo la kujaribu linakubali kutunza kazi, ila halikubali kuifungua tena mpaka ununue. Mtu anafanya kazi usiku muzima, anazima, asubuhi anakuta mlango umefungwa. Akitaka kubaki na kitu, inapashwa atoe wimbo kwa WAV kabla ya kuzima. La pili: matoleo hayafanani. Lile la bei ya chini si la kurekodia sauti ya mikro. Wa kuimba wanaangalia toleo la Producer. Kusoma vizuri kabla ya kulipa kunaokoa feza.

Asiye na feza anaweza kuanza na LMMS, ya bure, yenye kufanana kidogo na FL Studio katika kupanga biti. Toleo lake la kawaida halirekodi mikro. Wengi wanatengeneza biti ndani ya LMMS, wanaitoa kwa WAV, kisha wanaiingiza ndani ya Audacity ao Reaper na kuimba juu yake. Njia hiyo haina makuta ndani na inatoa kazi nzuri.

Programu iliyovunjwa inakula wapi

Programu za bei zinazotembea kwenye kle USB zikiwa zimevunjwa kufuli ndizo nyingi sokoni. Zaidi ya sheria, kuko hasara ya kazi yenyewe. Aliyevunja kufuli anaweza kuweka virusi ndani, na mara mingi kinachoombwa wakati wa kuiweka ni kuzima ulinzi wa ordinatere. Mashini hiyohiyo ndiyo iko na picha za familia, faili za masomo na nyimbo za wateja. Tena programu ya namna hiyo haipati marekebisho; inaweza kusimama siku yoyote, na hakuna wa kumlalamikia.

Wakati Audacity, Ardour, LMMS na Waveform Free ziko za bure, na Reaper kwa dola 60, sababu ya kubeba hatari hiyo inapungua sana.

Programu haibadilishe mikro

Kikundi kikiwa na karti ya sauti yenye mlango wa mikro mbili, hakuna programu itakayorekodi mikro nane kwa pamoja. Kwa kwaya yenye sauti nne, kuko njia mbili: kuweka mikro mbili nzuri mbele ya wote na kupanga watu kwa umbali, ao kurekodi kila sauti kwa zamu, wengine wakisikiliza ya kwanza kwenye kaske. Njia ya pili inaomba wakati mwingi lakini inaruhusu kusahihisha.

Hapo shida ya kuchelewa inaingia. Ordinatere inakusanya sauti kwa vifungu vidogo kabla ya kuirudisha kwenye kaske. Kifungu cha sampuli 1.024, kwa kipimo cha 44.100 kwa sekunde, kinachelewesha karibu milisekunde 23, na mwimbaji anajisikia nyuma ya ngoma. Kwa 256 ni karibu milisekunde 6, na wengi hawaisikie tena. Ila kifungu kidogo kinaomba mashini yenye nguvu. Ikishindwa, sauti inaanza kukatika-katika. Kwenye Windows, asiye na karti ya sauti yenye dreva yake anaweza kuweka ASIO4ALL, ya bure. Wakati wa kuimba unapunguza kifungu. Wakati wa miksaji unakipandisha.

Umeme na nafasi ya kutunzia

Huku kwetu delestaji haiombe ruhusa. Ordinatere ya kubeba yenye batri nzima ni bora kuliko ya mezani yenye nguvu zaidi lakini inayozima palepale. Katika programu, kitu cha kwanza cha kuwasha ni kutunza kazi kila dakika chache bila kuulizwa. Reaper, kwa mfano, iko na mpangilio huo.

Nafasi nayo inahesabika. Pisti moja ya mono, biti 24 kwa 44.100, inakula karibu mega 8 kila dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye pisti 12 unafika karibu mega 480, kabla ya kuhesabu zile zilizorudiliwa. Nyimbo kumi za kwaya zinapita giga 4 kwa urahisi. MP3 ni ya kutuma kwa WhatsApp, si ya kutunzia: ile iliyotupwa wakati wa kubana sauti hairudi tena.

Kutoa wimbo nje ya programu

Mwaka 1952, Hugh Tracey alifika na mashini yake Jadotville, leo Likasi, akarekodi gitaa na sauti ya Jean-Bosco Mwenda. Kama leo bado watu wanasikiliza kazi ile, ni kwa sababu ilitunzwa kwa namna ambayo mashini za baadaye ziliweza kuisoma.

Kwa studio ya chumba kimoja, kazi hiyo inachukua nusu saa. Wimbo ukiisha, unatoa kila pisti peke yake kwa WAV, zote zikianzia kwenye sekunde ya sifuri, na kuziweka ndani ya dosie moja yenye jina la wimbo, tarehe na majina ya walioimba. Nakala moja inabaki kwenye ordinatere, ingine kwenye diski ya nje, na ya tatu kwenye nyumba ya mtu mwingine: kiongozi wa kwaya, kwa mfano. Mwizi, moto ao maji havichukue nyumba mbili siku moja kwa urahisi.

Dosie kama hiyo inafunguka ndani ya programu yoyote iliyotajwa hapa, na ndani ya zile ambazo hazijatengenezwa. Kwa hiyo, kabla ya kurekodi wimbo wa kwanza, jaribio ni moja: weka programu, imba dakika moja, toa WAV, ifungue kwenye ordinatere ya jirani. Ikisikika vizuri, programu hiyo inafaa. Ikikataa, ni heri kujua leo kuliko siku kwaya nzima imekwisha kuimba.