Skana Sabini, Lakini Macho ni Mangapi?

Wasee wengi wakiishuku tovuti wanachukua linki, wanaibandika VirusTotal, wakiona 0 wanaendelea na maisha. Mimi hiyo sifuri siiamini hivi hivi, na sababu yangu iko kwenye historia.

Tuanze Marekani, 1984. Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi University of Southern California, aliandika kuhusu virusi vya kompyuta na akaonyesha kihesabu kwamba hakuna programu inayoweza kutambua kila virusi bila kukosea. Si eti bado haijatengenezwa. Haiwezekani. Kwa hivyo wazo la skana nyingi lina mantiki: kama moja haiwezi kuona yote, ita zingine.

Mwaka wa 2004 Hispasec, kampuni ya Málaga kule Uhispania, ilifungulia kila mtu huduma hiyo. Unatuma faili moja, antivirusi nyingi zinalipima kwa mpigo. Hiyo ndiyo VirusTotal, na Google iliinunua 2012. Kampuni za antivirusi nazo zilikuwa zinapata yale matokeo, zijue zimekosa nini. Poa sana, lakini hapo ndipo uvivu uliingia.

Mwaka wa 2010 Kaspersky ya Urusi iliweka mtego. Ilichukua mafaili safi kabisa, ikayaita hatari makusudi, ikayatuma VirusTotal. Ndani ya siku 10 hivi, kampuni zingine hadi 14 zilikuwa zinayaita hatari pia. Na hakukuwa na kitu ndani! Zilikuwa zinanakiliana kama darasa lenye karatasi moja ya majibu. Ukihesabu kura unaona kampuni nyingi. Kumbe aliyeongea ni mmoja, na alikuwa anadanganya. Mei 2016 VirusTotal ikabana: ukitaka matokeo ya wenzako, leta skana yako nayo ionekane hadharani.

Kwa tovuti mambo ni magumu hata zaidi. Skana nyingi za linki hazifungui ukurasa wenyewe, zinaangalia tu orodha ya tovuti zilizoripotiwa. Iliyodukuliwa jana usiku haimo. Na hata inayofungua inaweza kuchezwa: msimbo mbaya unakaa kimya ukihisi skana, halafu ukiona mtu wa simu aliyetoka kwa Google, unamrusha hadi ukurasa wa matapeli. Ndio maana mwenye duka la mtandaoni analalamikiwa na wateja na yeye akifungua anaona kila kitu kiko sawa.

Kwangu mimi, skana mbili zinazofanya kazi tofauti zinashinda sabini zinazochungulia dirisha moja. Moja ya nje, kama SiteCheck ya Sucuri, inayoona kile mgeni anaona. Nyingine ndani ya seva, kama ClamAV, ambayo ni ya bure na inapekua mafaili yenyewe, hata yale ya PHP ambayo brauza haiwezi kukuonyesha. Zikipishana, usitafute wastani. Fungua faili lililotajwa, ulilinganishe na lile la asili kutoka kwa WordPress au chochote ulichojengea tovuti yako.